Siku Niliyogonga Jante ya Muheto

Kuna siku moja, Mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka Muheto, kijiji chetu kule Masisi, inatangulia mbele ya siku nyingine zote, hata mbele ya siku za vita. Ilikuwa Jumanne. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati na megafoni begani. Nakuandikia habari za siku hiyo kwa sababu jana ulinisomea hotuba yako, ukaniomba Jumamosi nisimame kando yako hapa Walikale, mbele ya watu. Nilikwambia nitafikiri. Nimefikiri, lakini mdomo umekataa, ndiyo maana nimechukua daftari.

Kwanza nikuchokoze kidogo. Kwenye karatasi yenu ya mkutano mmeandika "Mzee Anselme, shahidi." Miaka yangu bado haijafika hamsini, Neema. Lakini huku kwetu mwenye mvi anaitwa mzee haraka, kwa kuwa wale waliostahili jina hilo tumewazika kambini Kitshanga, na wengine hatukupata hata nafasi ya kuwazika. Basi nakubali uzee wangu. Utanivumilia nikirudia mambo, maana ulilelewa na mwalimu na umeshazoea.

Hotuba yako ni nzuri. Nilifundisha darasa la tano miaka mingi, najua insha nzuri nikiisikia. Umesema "souveraineté," enzi ya nchi juu ya ardhi yake, mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Umesema kwamba kukipigwa hiyo kura ya maoni juu ya katiba, na wale wa upande wa pili wakashinda, nchi itakatwa vipande na adui atalala kwenye vitanda vyetu. Halafu ukafika mahali ukashusha sauti, ukanyamaza kidogo, ukasema: "Mama yangu aliuawa na watu wa ng'ambo ya mto, miye nikiwa ku mugongo yake. Mukikosea hii kura, mama zenu njo wanafuata." Ukainua macho kuona kama nimeguswa. Niliguswa, Mwanangu, lakini si kwa namna uliyodhani.

Sikuulizi uko upande wa Ndiyo au wa Hapana. Kijana jirani yetu, yule mwenye pikipiki, yuko upande mwingine, na hotuba zao nimezisikia sokoni. Ni yako hiyo hiyo, wamebadilisha tu jina la huyo atakayetuua. Mimi niliisema hotuba hiyo kabla yenu wote wawili, na mama yako alikufa kwa sababu yake.

Tulia, usiruke kurasa. Soma polepole.

Siku zile Muheto tulikuwa na jante ya lori, kile chuma cha gurudumu, imetundikwa kwenye nguzo ya mkaratusi mbele ya barza, nyumba isiyo na kuta ambamo wanaume walizungumzia mambo ya mlima. Ikigongwa, hakuna kuuliza. Kila nyumba ilikuwa na furushi nyuma ya mlango: blanketi, sufuria, unga, chumvi, karatasi za ubatizo. Mwanamke anabeba furushi na mtoto, mwanaume anashika panga, na wote wanashuka bondeni mpaka kwenye daraja la miti, wanavuka kwenda kilima cha ng'ambo. Kule aliishi Papa Gaspard, mtengeneza fromaji, yaani jibini, pamoja na ndugu zake. Wao nyumbani walizungumza Kinyarwanda, sisi Kihunde, na kwa Kiswahili tulikuwa tunagombana na kupatana. Hatari ikianzia kwao, wao ndio waliokuja kulala kwetu.

Makubaliano hayo yalikuwa na sharti moja. Anayegonga jante lazima kwanza atume mtu mwepesi wa miguu avuke daraja, akaseme: ni sisi tunaokuja, hatari iko upande fulani, tufungulieni. Jante ikilia na mjumbe hajafika, watu wa ng'ambo walikuwa na haki ya kudhani kwamba sisi tumekwisha kuuawa na sasa adui anashuka kwao. Hapo waliondoa mbao za daraja. Na sisi tungewafanyia hivyo hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza alilijua sharti hilo, na mimi nililijua vizuri kuliko yeye.

Nyundo ya jante, kipande cha ekseli ya lori, ilikaa nyumbani kwa Papa Ndoole. Huyu alikuwa mzee mfupi, mwenye kikohozi na ulimi mkali, na ndiye aliyetunza mambo ya barza. Watu walimwambia mara nyingi aiache nyundo pale kwenye nguzo, akakataa. Alisema anayetaka kugonga atembee kwanza mpaka kwake, na njiani atajijua kama kweli ameona kitu. Sisi vijana tuliona ni ukaidi wa wazee tu.

Wakati huo nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vikubwa, tukaambiwa kila raia atapiga kura juu ya sheria kubwa ya nchi, katiba mpya. Ndiyo au Hapana. Bwana mmoja akaja na gari kutoka Goma kutafuta kijana msomi wa kuhamasisha watu. Mimi nilikuwa na diploma ya ualimu na sina kazi. Akanipa fulana, kofia, megafoni, na kitabu chenyewe cha katiba. Nilikisoma kurasa kumi hivi, kisha nikakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Cheka, nakuruhusu, maana huko mbele hakuna cha kukuchekesha.

Jumapili baada ya misa nikawakusanya watu barzani. Nilikuwa nimevaa kofia yangu. Nikasema juu ya taifa, juu ya heshima yetu mbele ya mataifa, nikapiga makofi mwenyewe wakanifuata. Halafu Papa Ndoole akanyanyua mkono.

"Mwalimu, ile kitabu inasema nini juu ya shamba? Muntu mwenye analima hapa tangu babu yake, udongo ni yake ao ni ya Leta, ya serikali?"

Nilikuwa sijafika ukurasa wa mambo hayo. Ningesema sijui, Neema. Ni maneno mepesi, yangetoka mdomoni na watu wangenielewa. Lakini mtu mwenye megafoni anaona aibu kusema sijui.

"Papa, tusiingie sana mu mambo ya ndani," nikajibu. "Mujue tu hivi: mukipiga Hapana, vita inarudi. Ile yote mulionaka, mutaiona tena."

"Vita tunaijua, hatuna lazima ya mwalimu juu ya hiyo. Miye niliuliza kitabu."

"Papa, miye nawaonya tu..."

"Kutuogopesha, hata mbwa inaweza," akasema, akakohoa. "Weye ulisoma. Tusomee."

Barza nzima ikacheka. Mama yako, dada yangu Furaha, alicheka kuliko wote. Jioni akinipakulia mboga ya sombe alinitania tena: "Mudogo yangu, hata Neema alilala wakati ulikuwa unahubiri." Ulikuwa na miezi mitano, umefungwa mgongoni mwake na kitenge cha kijani, na kweli ulikuwa umelala. Baba yako alikuwa ameshaondoka kuja huku huku Walikale kutafuta maisha machimboni, na hatukupata habari zake tena. Kwa hiyo tulikuwa watatu tu pale nyumbani, mimi nimenuna na ninyi wawili mmefurahi. Nilikula haraka nikaenda kulala na hasira yangu.

Sasa ile Jumanne. Papa Ndoole alikuwa amekwenda Ngungu kwa msiba wa shemeji yake. Bwana wa Goma alikuwa ameniambia atapita kuona kazi yangu, na mimi niliita mkutano saa tisa, wakaja watu wanne na mbwa, wakangoja kidogo wakaondoka. Nilibaki peke yangu pale barzani, megafoni begani, nikaitazama jante. Wazo likaja, na naona aibu kukuandikia kwamba lilinifurahisha. Nilitaka waisikie hofu yao wenyewe kwa dakika moja. Wangekusanyika uwanjani wakihema, na mimi ningewaambia: mumesikia? Mukipiga Hapana, hii njo mutasikia kila siku. Nilikuwa nimepanga hata mahali pa kunyamaza kidogo kabla ya kusema, kama wewe ulivyofanya jana.

Kumtuma mjumbe ng'ambo sikuona sababu, kwa kuwa hapakuwa na hatari yoyote. Nyundo sikuwa nayo. Niliokota jiwe jeusi, ukubwa wa kiazi kikubwa, nikagonga, labda mara kumi.

Hakuna aliyekuja uwanjani. Wale wanne, ambao walikuwa bado njiani kurudi kwao, walikuwa wa kwanza kukimbia. Nikasikia milango, mbuzi, sufuria moja ikianguka, kisha miguu. Mlima mzima ukishuka kwenye tope hautoi kelele nyingi, kwa sababu watu wetu wamefundishwa na maisha kukimbia kimya. Nikashika megafoni nikapiga kelele: "Rudini! Hakuna kitu! Ni mimi! Rudini!" Lakini kwenye ukungu ule nani angejua "mimi" ni nani? Baadaye walisimulia kwamba walisikia adui akiwaita warudi, na ndiyo maana walizidisha mbio.

Nikatupa megafoni, nikawafuata nikiteleza na kuanguka. Nilichelewa.

Ng'ambo, Papa Gaspard alikuwa ameisikia jante. Alisimama darajani na ndugu zake wakingoja mjumbe. Mjumbe hakuja. Waliona kwenye ukungu watu wengi wanashuka, mapanga mikononi, na nyuma yao sauti ya mtu anayefoka kwa megafoni. Na wao, nilikuja kujua, walikuwa na mhamasishaji wao wa upande mwingine wa kura, aliyewaambia wiki nzima kwamba watu wa Muheto wakishapata sheria yao watakuja kuwafukuza. Gaspard akazitoa mbao. Alizivuta kwa mikono yake mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Waliotangulia walifika pale hawaoni mbele, na waliokuwa nyuma wakawasukuma. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mto umejaa. Watu watatu walianguka. Wawili walishika magogo wakavutwa. Wa tatu alikuwa mama yako.

Wanawake waliokuwa karibu waliniambia kwamba alipoibuka alikuwa ameshakufungua mgongoni na amekunyanyua juu kwa mikono miwili, yeye mwenyewe maji yakiwa juu ya kichwa. Gaspard akamsikia mwanamke mmoja wa ukingoni akiita kwa Kihunde, akajua sasa ni watu gani aliowatolea daraja. Akajitupa mtoni na nguo zake zote. Alikupokea kutoka mikononi mwake. Alipogeuka kumshika na yeye, hakumkuta. Tulimpata kesho yake huko chini, kwenye mawe ambapo wanawake walikuwa wanafua.

Ndiyo, Neema. Huyo "mtu wa ng'ambo" uliyemweka kwenye hotuba yako ndiye aliyekutoa majini. Alikuvika koti kavu la ndugu yake, akakunywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko kidogo, akasimama ukingoni analia na kutuita sisi wa upande wa pili.

"Mujumbe yenu iko wapi? Juu ya nini hamukutuma muntu?"

Watu wakatazamana. Kila mmoja aliamini yuko mwingine aliyeona hatari na kugonga. Mimi nilitazama tope.

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kilichobaki, na hili nataka ulisome mara mbili. Kugonga jante lilikuwa kosa la kijana mjinga, na labda Mungu ameshanisamehe. Lakini siku ya tatu ya kilio mtu mmoja, sitamtaja, alisema pale kwenye mkeka: "Wale walitoa daraja makusudi." Asubuhi yalikuwa maneno ya mtu mmoja. Jioni yalikuwa ya mlima mzima. Maji yalikuwa yamepungua, Gaspard akavuka kwa miguu kuja kutuhani na fromaji mbili na dumu la maziwa, hakuna aliyezipokea, akaziweka chini kwenye majani akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake, nimekupakata, maana ndugu zake walikuwa wameshakuvusha na kukurudisha kwangu. Sentensi moja tu ilitakiwa. Nikajiambia nitaisema kesho, watu wakishapoa.

Papa Ndoole alirudi kutoka Ngungu na hakupita kwake kwanza, alikwenda kwenye jante. Akaona alama mpya ambazo si za nyundo yake. Chini ya nguzo akakuta jiwe jeusi lenye kutu. Alinifuata shambani, akalitoa kwenye mfuko wa koti, akaliweka mkononi mwangu.

"Hii ni yako," akasema.

Nililigeuza, kutu ikabaki kwenye vidole vyangu.

"Uliona nini, mwalimu? Niambie. Uliona bunduki? Uliona moshi?"

"Sikuona kitu, Papa."

Akakohoa kwa muda mrefu. Nilitegemea anipige, na nakwambia kweli ningeshukuru. "Basi miye sitasema," akaniambia. "Nikisema miye, watakuua, na huyu mutoto atabaki na nani? Utasema weye mwenyewe. Lakini usikawiye, juu kila siku yenye unanyamaza, ile jante iko inalia."

Nilikawia.

Siku ya kura, mstari wetu ulianza kabla ya jua na ulikuwa mrefu kuliko mstari wowote niliowahi kuona Muheto. Hakuna aliyeuliza tena habari za kitabu. Ndiyo ilishinda kwetu. Bwana wa Goma alinishika mkono, akasema nimefanya kazi ya uzalendo. Pengine Ndiyo ilikuwa jibu zuri, Mwanangu, sijui. Pengine wangesomewa wangelichagua hilo hilo kwa moyo mkunjufu. Hilo sitalijua kamwe, kwa sababu niliwanyima.

Haukupita muda, vijana wa kwetu walivuka mto mchana kweupe, wakachoma nyumba ya fromaji na kukata ng'ombe miguu. Walirudi wakisema hakuna mtu aliyekufa, kana kwamba wanastahili sifa. Gaspard na ndugu zake wakahama. Daraja hakuna aliyelijenga upya. Na vita, vile nilivyoahidi kwamba Ndiyo itavizuia, vikarudi. Safari hiyo jante iligongwa na aliyeona kwa macho, watu wakabeba mafurushi wakashuka mpaka mtoni, maji yamejaa tena, na hapakuwa na mbao, wala ng'ambo hapakuwa na mtu wa kutufungulia mlango. Waliokufa ukingoni siku hiyo majina yao unayajua, tunayataja kwenye sala kila Jumapili.

Papa Ndoole alifia Kitshanga, kambini, kwa kikohozi chake. Siku ya mwisho hakuniuliza habari za chakula wala za dawa. Aliniuliza tu: "Ulisemaka?" Nikamjibu bado. Akageukia turubai, akaninyima uso wake, na mpaka leo naona alinipa nilichostahili.

Lile jiwe unalijua. Ni hilo tunalopondea chumvi. Umenicheka mara nyingi kwamba mjomba wako amekuja Walikale, mahali ambapo watu wamehama makwao kuja kuchimba mawe, yeye akabeba la kwake kutoka Masisi. Tumekimbia tukaacha vitanda, vitabu, picha pekee ya mama yako, lakini jiwe nimelibeba kila mara. Nilikuwa nangoja siku ya kusema. Nilisema nitakwambia ukimaliza shule ya msingi. Halafu nikasema ukipata diploma ya Leta. Halafu chuo. Ukweli ni kwamba niliogopa utaacha kuniita Papa, na bado naogopa.

Sasa sikia neno langu, maana nimelilipia.

Usidhani nakwambia hatari haipo. Wewe na mimi tumefukuzwa na bunduki za kweli, na anayetuambia tunaota hajawahi kulala msituni na mtoto mwenye homa. Enzi ya nchi ni neno zito, na wako watu wanaotaka ardhi yetu bila sisi wenyewe. Useme hayo. Lakini uyaseme kwa sharti la Papa Ndoole. Tembea kwanza mpaka kwake, yaani jiulize njiani umeona nini kwa macho yako. Useme hatari iko wapi, na umeijuaje. Na kabla hujapaza sauti, wafikirie wale walio ng'ambo ambao watu wako wakiogopa watawashukia na mapanga, uwatumie neno kwanza. Ukishindwa kufanya hivyo, acha jante.

Wasomee watu hicho kitabu. Najua ni kirefu, kina maneno ya wanasheria, na jua ni kali. Wasomee hivyo hivyo, kifungu kwa kifungu, kwa lugha ya nyumbani. Mama akiuliza habari za shamba lake, mjibu habari za shamba, usimjibu habari za adui. Usipojua, sema sijui, nitatafuta, nitarudi, na kweli urudi. Hotuba yako imetaja nchi kila mstari, lakini sikusikia kifungu hata kimoja cha hicho tunachoambiwa tukichague.

Na hili ndilo linalonikata zaidi. Mtu aliyepiga kura akitetemeka hakuchagua, Neema. Alichagua yule aliyemtetemesha. Unasema unataka wananchi wawe wenye nchi yao, na papo hapo unawanyang'anya kile kidogo walicho nacho, akili yao iliyotulia kwa muda wa kuweka alama kwenye karatasi. Mimi niliwafanyia hivyo watu walionizaa. Walirudi nyumbani na kura yangu mimi, si yao, na hofu niliyowapa haikubaki ndani ya sanduku la kura. Iliwafuata mpaka mtoni, ikachoma nyumba ya mtu.

Mama yako mwache apumzike. Hakufa kwa ajili ya Ndiyo wala Hapana. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mcheshi, aliyejua kulima viazi na kumcheka mdogo wake akijivuna. Alikunyanyua juu, na mtu wa ng'ambo akakupokea. Ukitaka kusema habari zake mbele ya watu, sema hivyo, yote, na jina la Gaspard ulitaje. Sijui kama yuko hai. Ukija kukutana naye siku moja, popote, mpigie magoti, umwambie mtoto wa mtoni amekua na amesoma.

Jumamosi nitakuja. Nitavaa shati langu la misa na nitakuja na jiwe. Nitalionyesha, nami nitasema ni nani aliyegonga, kwa mdomo huu huu uliokuwa unakataa. Nimechelewa miaka yote hii, na wengi waliopaswa kunisikia hawapo tena. Kama unaona hayo yataharibu mkutano wenu, una ruhusa ya kufuta jina langu kwenye karatasi, na ukitaka, kuacha kuniita Papa. Nitasema hata hivyo, hapo sokoni, nikiwa peke yangu.

Daftari nimeliacha juu ya begi lako, chini ya megafoni yako, ili usiweze kuibeba kabla ya kulisoma. Binti wa Furaha, Mungu aliyekupitisha kwenye yale maji akutunze. Akupe moyo wa kusema sijui mbele ya watu wengi. Akupe ng'ambo ambako mlango utafunguliwa kila ukibisha, na mikono yako isivute kamwe mbao za daraja. Na akupe sauti ambayo watu wakiisikia, hata kwenye ukungu, wanajua ni yako, na hawakimbii.